Nati ya 17 kwenye Maji ya Mtera

Kondakta aliutazama ule mrija mrefu niliobeba begani akaniuliza kama ni bazuka. Nikamwambia ni fimbo za kuvulia samaki. Akacheka, akasema Mtera samaki wanaletwa mpaka dirishani mwa gari, mtu kusumbuka na fimbo ni kujitakia tu, kisha akaulaza juu ya mizigo bila kuudai nauli.

Barabara ya Dodoma hadi Iringa ilifunguliwa rasmi na lami yake mwaka 2018, na tangu hapo safari ya Mtera haina simulizi kubwa. Zamani wengi waliona heri kuzunguka Morogoro. Siku hizi unapita Mlowa, Fufu, Chipogolo, unasinzia kidogo, unaamka. Ilikuwa Septemba, mibuyu haina jani, mito imebaki mchanga mtupu, na vijana wa Kigogo wamepanga foleni ya ng'ombe kwenye visima vilivyochimbwa humo humo mtoni. Ukavu wa namna hiyo unakufanya usiamini kwamba mbele kuna maji ya kutosha kuzamisha msitu.

Lakini yapo, na msitu umezama kweli. Bwawa la Mtera lilijengwa kwenye Ruaha Mkuu ili kuweka akiba ya maji kwa mitambo ya Kidatu kule bondeni, na baadaye likapata mitambo yake lenyewe ya megawati 80. Likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yanaweza kushushwa mpaka 690. Kwa watu wa umeme hizo ni namba za kilowati. Kwa mwenye ndoana ni ramani, maana ardhi ya pale imelala, na maji yakipungua kidogo tu ufuko unahama mbali sana. Miti iliyokuwa imefunikwa inachomoza, mikavu, imejaa minandi waliotandaza mbawa.

Hiyo miti ndiyo niliyoifuata.

Niliwahi kuishi Otsu, Japani, kwa masomo, kando ya ziwa Biwa. Ziwa lile lina kilometa za mraba 670 hivi, na Mtera likijaa halipishani nalo sana kwa upana, ingawa kwa kina hazilingani hata kidogo: Biwa inazidi mita 100. Huko ndiko nilikoonyeshwa kuvua besi, samaki mwenye mdomo mpana, mla wenzake, mzaliwa wa Marekani ya Kaskazini. Japani alipelekwa mwaka 1925 na Tetsuma Akaboshi, akapandikizwa kwanza ziwa Ashi, na kutoka hapo akaenea. Biwa ilimkuza vizuri. Tarehe 2 Julai 2009 Manabu Kurita alivua humo besi wa zaidi ya kilo 10, akaifikia rekodi ambayo George Perry aliiweka Georgia tarehe 2 Juni 1932. Kurita alitumia samaki hai kama chambo. Sisi wa kawaida tulitumia dropshoti.

Mtindo huu ulizaliwa Japani kwa sababu inayoeleweka: maji machache, wavuvi wengi, na samaki aliyeona kila aina ya ulaghai. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulivuka mpaka California, mashindano ya besi yakaupokea, ukaenea Marekani yote. Wazo lake halina makuu. Risasi, yaani kile kizito cha kuzamisha uzi, inafungwa mwishoni kabisa mwa uzi, na ndoana inafungwa juu yake, sentimeta 15 au 30 au 60, kutegemea samaki wamekaa wapi. Mvuvi wa Tanga au Kilwa atasema mbona chubwi la mshipi wake limekaa chini siku zote na ndoana zinaning'inia juu. Ni kweli. Kilichoongezwa na hawa wa maji baridi ni wepesi: uzi mwembamba wa kubeba kilo 3 au 4, ndoana ndogo namba 1 ya waya mwembamba, risasi ya gramu 7 hadi 10, na chambo laini cha mpira kilichochomwa puani tu ili mwili wote uwe huru kucheza.

Vyambo vingi vya bandia huishi kwa kuvutwa. Ukiacha kuvuta, kimekufa, na kila unapovuta unakiondoa mbele ya samaki. Dropshoti inakaa. Unashusha mpaka risasi iguse chini, unakaza uzi, kisha unaulegeza kiasi cha unywele, na unatikisa ule ulegevu tu. Risasi haisogei hata kidogo huko chini. Chambo kinatetemeka palepale, mbele ya pua ya samaki asiye na njaa, mpaka achoke kuvumilia. Halafu unaacha kabisa. Mara nyingi anauma wakati huo wa kimya, na hasikiki kama mshtuko. Unahisi uzi umekuwa mzito, au unauona unakwenda upande. Hapo hakuna kupiga fimbo kwa nguvu, uzi utakatika. Unazungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, huku ukiinua ncha ya fimbo taratibu, na ile ndoana nyembamba inaingia yenyewe.

Mtera hakuna besi, na shemeji yangu, ambaye anafanya biashara ya samaki pale karibu na bwawa, alinikumbusha hilo kabla sijateremsha begi. "Shem, umeleta dawa ya mgonjwa asiyekuwepo." Nilimjibu kwamba sikuja kutafuta besi, nimekuja kuona kama huu mpangilio wa uzi utafanya kazi katikati ya miti iliyozama, kwa perege. Akanipeleka kwanza kwa ofisa uvuvi nikalipie kibali, jambo ambalo wageni wengi wenye fimbo huliruka, kisha akaniunganisha na mzee mmoja mwenye mtumbwi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbukwa," akaongeza salamu ya Kigogo. Akaitazama rili, akaitazama mikono yangu. "Unajua kukaa kwenye mtumbwi?"

Tulitoka alfajiri, kwa sababu mchana upepo wa Mtera huamka na kuinua mawimbi ambayo mtumbwi wa mbao hauyapendi. Babu alisukuma kwa upondo, akizikwepa sehemu zenye majani, akanionya nisitumbukize mkono majini. Viboko aliwaonyesha kwa kidevu. Mamba hakuwaonyesha, alisema tu wapo.

Tatizo la kwanza kwenye miti iliyozama ni kunasa, na kila ukinasa unaacha risasi. Biwa nilikuwa natumia risasi zenye kibanio: uzi unabanwa tu, haufungwi, kwa hiyo risasi ikinasa unavuta, inachomoka peke yake, unabaki na ndoana na chambo. Dodoma sikuzipata. Nilikwenda kwa fundi wa bodaboda nikanunua nati za spana namba 17, mfuko mzima, bei ya soda. Nati moja ina gramu 10 hivi. Inafungwa kwenye mkia wa uzi kwa fundo moja la kizembe ambalo mtu wa kawaida angeona aibu kulifunga, na hilo fundo baya ndilo linaloachia pale nati inapokwama kwenye tawi. Nimesoma makala nyingi za dropshoti zenye kurasa za kusifia madini ya tangsteni. Tangsteni ni nzuri, ni nzito kwa umbo dogo, inakuambia kama chini ni jiwe au tope. Ila kwa msitu wa Mtera mimi nitabaki na nati.

Fundo la ndoana ndilo lisilotaka uzembe. Unakunja uzi mara mbili, unapitisha tanzi kwenye tundu la ndoana, unafunga fundo la kawaida bila kulikaza, unaipitisha ndoana nzima ndani ya tanzi, unalowesha kwa mate, unakaza. Ni fundo la Palomar. Mkia unauacha mrefu, kisha unaurudisha tena kwenye tundu, ukiingilia upande uliko ncha ya ndoana. Ukining'iniza uzi, ndoana inasimama mbali nao, imelala mlalo, ncha ikitazama juu. Ukisahau kuurudisha mkia, ndoana inajilaza kwenye uzi na samaki anakula chambo bila kugusa chuma. Babu alinyoosha mkono, akaomba nifungue nifunge tena, taratibu.

Nilianza na chambo cha mpira, rangi ya kijani iliyokolea, ile iliyonilisha Biwa. Hakuna aliyekigusa. Maji ya Biwa yana uwazi, besi anawinda kwa macho. Maji ya Mtera yana rangi ya chai ya maziwa, na perege si mwindaji. Chakula chake kikubwa ni mwani na mabaki laini, pamoja na ule utelezi unaoota kwenye miti iliyozama. Nikauweka mpira mfukoni nikachoma kipande cha nyungunyungu kwa mtindo uleule, ncha tu. Nikashusha kandokando ya shina, ndoana sentimeta 20 juu ya tope. Nikatikisa, nikaacha. Uzi ukawa mzito.

Perege wa kiganja na nusu. Akafuata mwingine kutoka shina hilohilo, kisha kimya, kisha tukahama.

Babu naye alikuwa ametupa mshipi wake, chuma chini, nyungunyungu amelala topeni, na alipata kambale wawili wakati mimi napata perege. Maji yaleyale, chambo kilekile, tofauti ni hizo sentimeta 20. Nilimwona akiutazama mshipi wangu kila ulipopanda.

Jua lilipopanda aliniuliza habari za huyo besi. Anakuwa mkubwa? Nyama yake? Nikamweleza kwamba hata jirani zetu Kenya wanaye, alipelekwa ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa starehe. "Basi wangetuletea na sisi." Nikamwambia kwamba Biwa ukimvua hupaswi kumrudisha majini. Mkoa wa Shiga ulipiga marufuku hiyo kuanzia mwaka 2003, na ufukweni kuna masanduku ya kumtupia, kwa sababu amewala samaki wa asili wa ziwa. Tangu 2005 sheria ya nchi nzima inakataza hata kumsafirisha akiwa hai.

Alifikiri kidogo. "Kama sangara alivyowala furu kule Mwanza."

Kama sangara na furu. Hakumtaka tena.

Upepo ulipoanza tulirudi. Shemeji aliwakagua perege wangu kama mfanyabiashara, akawapangia bei ya chini, kisha mkewe akawakaanga wote tukala na ugali wa uwele na mlenda. Jioni babu alikuja na mshipi alioutengeneza mwenyewe: nati mwishoni, ndoana moja karibu kabisa na nati kwa ajili ya kambale wa topeni, nyingine shubiri moja juu yake kwa ajili ya perege. Alitaka kujua kama fundo lake liko sawa. Lilikuwa sawa kuliko langu. Nikamwachia nati zote zilizobaki na nusu ya uzi. Ndoana nilimpa akazirudisha. Alizijaribu kwa kidole gumba, akasema kambale wa Mtera atazinyoosha kabla hajafika mtumbwini, na kwa kambale niliowaona mchana ule sikuwa na la kubisha.