Ndege Zikikutana, Ipi Inarudi Nyuma?

Juzi kwenye njia za migombani kule Kibosho tulitazamana pua kwa pua na Noah iliyojaa abiria. Hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Mpwa wangu akauliza kutoka kiti cha nyuma: "Mjomba, ndege nazo zikikutana hivi, ipi inarudi?"

Nikamwambia ndege hairudi nyuma. Akaona nimemjibu, akarudi kwenye simu ya mama yake. Mimi nikabaki na lile jibu hadi tunafika nyumbani.

Ilikuwa enzi za Cherokee, ndege ndogo niliyojifunzia urubani, kabla ya yale mambo ya ada. Uwanja ni ule mdogo wa Moshi mjini, si ule mkubwa wa kimataifa, KIA. Asubuhi hiyo Mlima ulikuwa wazi mpaka Mawenzi, na soksi ya upepo imelala kwenye mlingoti wake. Ikilala hivyo ndiyo balaa. Ndege huruka na kutua ikiukabili upepo, kwa hiyo upepo ukivuma wote mnatumia upande mmoja bila kuambiana. Ukitulia, kila mtu anajichagulia. Hapakuwa na wa kutuongoza. Mnajitangaza wenyewe redioni, nani yuko wapi na anafanya nini. Kapteni, mwalimu wangu, alitangaza kwamba tunaruka. Nilimsikia kwa masikio yangu, na nitashuhudia popote.

Nikasukuma mkono wa injini. Cherokee haikuwa na papara. Moshi iko kama futi 2,800 juu ya bahari, na hewa ya huku haikubebi bure.

Kiooni kulikuwa na mdudu aliyegandia hapo tangu jana yake, doa dogo jeusi. Pembeni ya doa lile kulikuwa na jingine. Kitu kinachokuja kukugonga hakitembei kiooni. Hakiendi kushoto wala kulia, kinakaa palepale na kukua. Nililitazama doa la pili likiota mabawa.

Mikono ya Kapteni ilifika kabla ya sauti yake. Akavuta injini, akakanyaga pedeli ya kulia, tukaacha lami na kuingia majanini, tukirushwarushwa hadi meno yanagongana. Cessna 150 ikapita juu yetu. Ilikuwa inakuja kutua upande wa pili, flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zote chini, na sasa injini inanguruma kwa nguvu zote lakini ndege haipandi, inajikokota tu. Mabawa ya Cherokee yako chini, kwa hiyo juu hakuna kinachokuziba. Niliona michirizi ya oili tumboni mwake. Niliona tairi la kushoto lililolika upande mmoja. Hata leo ningeweza kulichora.

Kapteni akazima injini. Nilitaka kushuka, lakini Cherokee ina mlango mmoja tu, nao uko kulia, upande wa mwalimu. Aliweka mkono kwenye komeo, akauacha pale, vidole havishiki kitu. Jasho lilimtoka chini ya vile vispika vya masikioni likaingia kwenye kola. Na huwezi kumwambia mtu wa rika la baba yako, "Kapteni, fungua mlango." Nikasubiri. Mbuzi waliokuwa ng'ambo ya pili wakavuka lami mmoja mmoja, wakaja kula majani karibu na bawa letu, mmoja akakohoa. Ndipo akafungua.

Mengine yalikwenda haraka. Cessna ikazunguka, ikatua, tukakutana wote kwenye chai, waalimu wawili na sisi wanafunzi wawili nyuma yao.

"Mlitangaza?"

"Tulitangaza. Nanyi?"

"Tulitangaza!"

Sauti zikaanza kupanda. Fundi, ambaye alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa na hajaulizwa kitu, akasema, "Wote mlitangaza. Mimi nilisikia mluzi." Alikuwa na redio ya mkononi, imewashwa karibu na vifaa vyake. Ukibonyeza kuongea kwenye redio za ndege, husikii wengine. Wawili mkibonyeza kwa pamoja kwenye masafa yaleyale, hakuna anayemsikia mwenzake, na wa tatu anapata mluzi tu. Kila mmoja anamaliza maneno yake akiamini ulimwengu mzima umemsikia.

Kapteni akaitaja Tenerife, kile kisiwa cha Hispania. Machi 27, 1977, Boeing 747 mbili kwenye ukungu, mluzi kama ule ukavuruga maneno yaliyokuwa muhimu kuliko yote, na pamoja na makosa mengine wakafa watu 583. Mwalimu wa Cessna akasema hapa Moshi tungekuwa na mnara wa kuongozea ndege haya yasingetokea. "Tenerife mnara ulikuwepo," Kapteni akamjibu. Chai ikapoa.

Watu wengi wanadhani niliacha urubani kwa sababu ya siku ile. Ni ada.

Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria zilipogongana angani Nairobi, na mwalimu na mwanafunzi wake waliokuwa kwenye Cessna wakafariki, nilimpigia Kapteni simu. Amestaafu sasa, anafuga. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kuthubutu. Kanuni ya angani inasema mkija uso kwa uso kila rubani apinde kulia kwake, kinyume na barabara zetu ambako tunapishana kwa kushika kushoto. Je, kama yule wa Cessna, dereva wa Kitanzania kama sisi, angeshtuka akapinda kushoto? Tungeangukia upande mmoja.

Akasema amelifikiria hilo miaka yote. Kisha akasema hata yeye hakwenda kulia kwa sababu ya kanuni. Kushoto kulikuwa na mbuzi.