Kanuni ya Wengi, Siku za Mtu Mmoja

Moshi, Jumamosi jioni

Wiki hii nimeshinda na hojaji za utafiti wetu mdogo kuhusu usingizi na huzuni miongoni mwa akina mama wanaofanya biashara katika soko la Mbuyuni. Kilichonishughulisha si matokeo, ambayo yalikuwa kama tulivyotarajia, bali ni kauli ya mama mmoja wa makamo ambaye alijibu kila swali kwa utulivu, kisha akanirudishia karatasi na kusema, "Mwanangu, umeniuliza kama ninakosa usingizi. Mimi siku ninayolala sana ndiyo siku moyo umekuwa mzito." Katika jedwali letu, wanaolala kidogo ndio wenye huzuni zaidi, na uhusiano huo ni wa kweli. Mama huyo naye amesema kweli. Ninajiuliza, basi, kanuni tuliyoipata inamhusu nani, ikiwa haimhusu mmoja wa wale waliotuwezesha kuipata.

Mjadala huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1894, katika hotuba aliyoitoa Strasbourg, mwanafalsafa Mjerumani Wilhelm Windelband alitofautisha elimu zinazotafuta kanuni za jumla na zile zinazoeleza jambo mahususi lililotokea mara moja, kama historia inavyofanya. Za kwanza aliziita nomothetiki na za pili idiografiki. Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard akauleta mgawanyo huo katika saikolojia ya Marekani mwaka 1937, akisisitiza kwamba nafsi ya mtu haifahamiki kwa kumlinganisha na wenzake tu. Tangu hapo wako waliozichukulia njia hizo mbili kama kambi zinazopingana, jambo ambalo hunisikitisha, kwa kuwa Windelband mwenyewe alieleza kwamba kitu kilekile kinaweza kuchunguzwa kwa njia zote mbili.

Ugumu halisi, kwa maoni yangu, uko kwenye hesabu. Ukienda kwenye maduka ya stesheneri hapa mjini na kuwapima wachapaji wengi, huenda ukaona kwamba wanaochapa kwa kasi ndio wanaokosea kidogo, kwa sababu wamebobea. Mchukue mmoja wao, mwambie aongeze kasi kuliko alivyozoea, na makosa yake yataongezeka. Uhusiano unaoonekana kati ya watu umegeuka ndani ya mtu, na hakuna takwimu iliyodanganya; ni maswali mawili tofauti ambayo sisi watafiti tumezoea kuyajibu kwa jibu moja. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Peter Molenaar alilieleza jambo hili kwa nadharia ya ergodiki inayotumika katika fizikia na hisabati: matokeo ya kundi yanaweza kuhamishiwa kwa mtu mmoja pale tu ambapo watu wote wanafuata mwenendo uleule, na mwenendo huo haubadiliki kadiri muda unavyopita. Binadamu hukua, hujifunza, hufiwa, huzaa, hupona. Ni nadra mno kwake kutimiza masharti hayo.

Hata ugonjwa tunaoupa jina moja haufanani kwa wagonjwa wake. Mwaka 2015 watafiti Eiko Fried na Randolph Nesse walichambua dalili za wagonjwa 3,703 wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, kutoka utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, wakakuta michanganyiko 1,030 tofauti ya dalili. Ninapojumlisha alama za mshiriki na kuandika namba moja mwishoni mwa hojaji, ninalikumbuka jambo hilo, kwa sababu mmoja anaweza kufika kwenye namba hiyo kwa kukosa usingizi na hamu ya kula, na mwingine kwa kulala mno na kujilaumu.

Wapo wanaosema kwamba kumchunguza mtu mmoja ni kusimulia hadithi tu. Sikubaliani nao. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yeye mwenyewe, akachapisha matokeo mwaka 1885, na mchoro wake wa jinsi tunavyosahau bado unafundishwa. Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kutibu kifafa, alipoteza uwezo wa kutunza kumbukumbu za mambo mapya, lakini aliweza bado kujifunza stadi za mikono. Kutokana na mtu huyu mmoja, elimu ikatambua kwamba kumbukumbu si ya aina moja.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa majirani zetu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Uganda katikati ya miaka ya 1950, akawa anazitembelea familia 26 za Waganda karibu na Kampala, akitazama kila mtoto mchanga alivyokuwa na mama yake: analia lini, anamfuata nani, anatulia mikononi mwa nani. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967, na mawazo yaliyoanzia katika nyumba hizo yamekuwa sehemu ya msingi wa nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi inayojulikana duniani kote. Hakuanza na wastani. Alianza na mtoto huyu, kisha yule, kisha akatafuta kinachowaunganisha.

Sisemi kwamba wastani hauna kazi. Anayepanga ni wanasihi wangapi waajiriwe katika mkoa anauhitaji, na mimi mwenyewe ningemwogopa mtaalamu anayejenga nadharia nzima juu ya mgonjwa mmoja aliyemvutia. Ninachokitaka ni mpangilio mwingine wa kazi: tumpime kila mtu mara nyingi, tuelewe siku zake zinavyokwenda, ndipo tuulize ni mwenendo gani anaoshiriki na wengine.

Kwa awamu ijayo nimependekeza kwamba kila mshiriki ajibu maswali machache kila jioni kwa majuma kadhaa, kwa simu ya kawaida, na kila mmoja alinganishwe kwanza na nafsi yake. Wenzangu wamekubali, ingawa idadi ya washiriki itapungua sana. Linalobaki ni kuamua ni jioni ngapi ambazo ni haki kumwomba mama anayeamka alfajiri kuwahi mzigo wa ndizi, na hilo nimeshauri tuwaulize akina mama wenyewe kabla ya kuandika chochote kwenye pendekezo la utafiti.