Bibi alivyokataa jina lake

Binti yetu alipokaribia siku ya saba, nilikwenda Mikindani kumpa bibi habari ambayo nilijua ataipokea kwa vigelegele: mtoto ataitwa Shida, jina lake yeye. Mke wangu alikuwa ameridhia, shingo upande.

Bibi ndiye aliyenilea. Alinisomesha kwa kubangua korosho, mpaka mafuta ya maganda yakamwachia mabaka meusi vidoleni. Sikuwa na kingine cha kumlipa.

Akaweka ungo chini. "Mume wangu, hilo jina nimelibeba mimi, inatosha. Mama yangu alizika wawili kabla yangu, ndipo nikaitwa Shida, kifo kisinitamani. Huyu wako kazaliwa salama. Shida ya nini?"

Siku ya akika tulichinja mbuzi mmoja, ndivyo ilivyo kwa mtoto wa kike; wa kiume ni wawili kwa mwenye uwezo. Jina lilikuwa bado. Shehe akatusimulia hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim: Umar bin Khattab alikuwa na binti aliyeitwa Asiya, yaani muasi, Mtume (S.A.W.) akambadilisha, akamwita Jamila.

Shangazi yangu, Asia, akaacha kukuna nazi. "Makubwa! Umri wote huu naitwa muasi?"

Watu walicheka hadi kinyozi akasimamisha wembe. Shehe akachuchumaa, akaandika mchangani kwa kidole. Lile la kuasi huanza na ain, katikati lina swadi. La mke wa Firauni, mwanamke mwema, lina alifu na sini. Waswahili tunayatamka mamoja, basi. Shangazi alimtaka arudie kuandika, ndipo akarejea kwenye nazi yake.

"Basi Jamila," akasema bibi, bila kuulizwa.

Mimi moyoni nilikuwa bado nabisha. Kusini kwetu kina Shida, Tabu na Mashaka wamejaa, na wengi ni watu wa kheri kuliko sisi wenye majina ya kupendeza. Lakini mke wangu alikwisha itikia, uso umemkunjuka.

Nywele zilipokwisha kunyolewa na kuwekwa kando zipimwe, tutoe sadaka ya fedha kwa uzito wake, bibi akampakata mtoto. "Somo yangu huyu," akasema.

"Bibi, si umekataa?"

"Nimekataa jina, somo sijakataa. Hebu kawaangalie wapishi, pilau isiungue."