Siku ya mwisho Vienna, na maboksi mawili ya baiskeli

Tulikuwa tumefuata Mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, zaidi ya kilomita 300, na ndege yetu ilikuwa alfajiri ya kesho yake. Mwenzangu alitaka tuzunguke mji kutwa, usiku ndipo tufungashe baiskeli. Nikakataa katakata. Kuhangaika na spana usiku wa manane, mwili umechoka, ni kujitafutia balaa. Tukapatana hivi: asubuhi baiskeli, mchana kufungasha, jioni miguu.

Tulianzia Donauinsel. Kisiwa hiki kimetengenezwa na watu: kuanzia 1972 hadi 1988 ulichimbwa mkondo wa pili wa kupitishia mafuriko, na udongo uliotoka ndio kisiwa chenyewe, urefu kilomita 21. Hakuna magari ya kukupigia honi. Tukavuka daraja la Reichsbrücke hadi Prater, bustani ya burudani, kwenye lile gurudumu kubwa la kubebea watu angani, la 1897. Liliungua mwaka 1944 wakati wa vita, na lilipofufuliwa 1947 vibanda vikarudishwa 15 tu badala ya 30. Ukisimama chini unayaona mapengo. Kupanda hatukupanda, bei ilitushinda. Tukamalizia na barabara ya Ringstrasse, ambayo ina njia ya baiskeli inayokupitisha mbele ya Opera na Bunge. Kasri la Schönbrunn tuliliacha. Bustanini mwake baiskeli haziruhusiwi, na mahali pale panahitaji siku yake.

Maboksi tulishayaomba jana yake katika duka la baiskeli. Maduka hayo huyatupa kila wiki, ukiomba vizuri unapewa bure. Tukang'oa gurudumu la mbele, tukateremsha siti, tukaulaza usukani ubavuni na kuzungushia matambara kwenye gia ya nyuma, maana ndiyo hupinda kwanza boksi likitupwa. Pedali ya kushoto ina tabia yake: hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Mwenzangu alikuwa ameishikilia spana kwa mikono miwili, jasho linamtoka, kumbe anazidi kuikaza.

"Geuza upande wa pili, kaka."

"Aa, wapi! Pedali haifunguliwi hivyo."

Ilifunguka.

Saa tisa tulikuwa huru, mikono mitupu, na katikati ya mji ndivyo panavyotaka, kwa kuwa eneo la kanisa la Stephansdom ni la waenda kwa miguu. Mnara wa kusini una ngazi 343 nyembamba zinazojizungusha kama konokono; anayeshuka na anayepanda hupishana kwa kubanana ukutani. Nilidhani mapaja yaliyozoea pedali yangezidharau. Thubutu! Ila juu unaliona paa la vigae vya rangi vilivyopangwa kwa mistari ya pembepembe, na hilo peke yake lilitosha kulipia kiingilio.

Tulipotoka hapo tulikula, tukaagiza teksi kubwa ya alfajiri, kwa sababu boksi la baiskeli haliingii kwenye gari dogo. Saa tatu usiku tulikuwa kitandani.