Siku moja na mwalimu wa kwaya Tabora, Majilio (wiki kama nne za kuingoja Noeli) yakiwa yanakaribia

Saa 11 na nusu alfajiri
Naamka mapema maana Misa ya asubuhi ni saa 12 na nusu na katikati ya wiki hamna kwaya, unaanzisha wimbo mwenyewe, wamama wa benchi za mbele wanaupokea na ukikosea ufunguo wanakurekebisha hapo hapo bila huruma. Misa ikiisha Fadha ananidaka mlangoni, "Mwalimu, orodha ya nyimbo za Majilio iko wapi?" Inakuja Fadha, nipe mpaka usiku.

Saa 2 asubuhi
Nafungua steshenari. Mitihani ya shule, pasipoti saizi, mtu anataka barua ya kuomba kazi ichapwe sasa hivi na yeye kasimama nyuma yako anakuamrisha herufi. Basi, ndo kazi.

Saa 4 na nusu
Wateja wamepungua, natoa Misale (kitabu cha Misa), kalenda ya liturujia na faili la nota. Watu wanadhani kuchagua nyimbo ni kukaa na kukumbuka zipi kwaya inazipiga vizuri. Hapana jamani, unaanza na masomo ya Biblia ya siku hiyo, na yanazunguka miaka mitatu, A, B na C. Tunaingia Mwaka B, mwaka wa Marko, na Dominika (Jumapili) ya kwanza ya Majilio Injili ni Marko 13, ile ya bwana mwenye nyumba aliyesafiri, inaishia na neno moja tu: Kesheni. Wimbo wa katikati, ule wa kati ya masomo, ni Zaburi 80, "Ee Mungu, uturudishe". Sasa hapo ukileta wimbo wa mtoto horini unakuwa umeimba Misa ya siku nyingine kabisa.

Afu naangalia antifona, yaani mistari mifupi ya Biblia iliyopangwa kwa mwanzo wa Misa na kwa komunyo, kitu ambacho kwaya nyingi zinakiruka. Ya mwanzo ni Zaburi 25, "Ee Bwana, nakuinulia nafsi yangu". Ya komunyo ni Zaburi 85, "Bwana atatoa kilicho chema, na nchi yetu itatoa mazao yake", na Dominika ya nne inakuja ile ya Isaya 45, "Dondokeni, enyi mbingu, toka juu, mawingu na yamwage haki". Hebu fikiria unayasikia hayo ukiwa Tabora, mvua ndo zimeanza kudondoka, nusu ya kwaya wanatoka shamba kupanda mahindi na karanga, wengine wana tumbaku. Mimi kwa kweli sijui kwa nini tuhangaike kukimbilia Noeli wakati Majilio yenyewe yanatuongelea sisi na mvua yetu! Kwa hiyo komunyo mwaka huu nataka hiyo ya Zaburi 85, tena taratibu, kayamba kidogo tu.

Dominika ya tatu, ile ya furaha, Fadha akivaa rangi ya waridi, wimbo wa katikati sio zaburi ni utenzi wa Bikira Maria kutoka Luka 1, na tunao wa sauti nne mzuri sana. Wimbo wa Utukufu kwa Mungu juu hauimbwi Dominika zote hizo, unarudi tarehe 8 Desemba Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, halafu unanyamaza tena mpaka Misa ya usiku wa Noeli. Ila Aleluya inabaki, kuna watu kila mwaka wanaifuta wakidhani ni kama Kwaresima, ambapo haiimbwi.

Saa 7 mchana
Ugali, dagaa wa Kigoma, mlenda. Jua la Tabora mwezi huu usipime.

Saa 9
Anapiga simu mwalimu wa kwaya ya kigango (kanisa dogo chini ya parokia), Shikamoo kaka, marahaba, anataka nimtumie nota za sauti nne. Namuuliza una besi? Anacheka. Nikamwambia chukua nyimbo mbili zenye kiitikio kifupi, kusanyiko lote liitikie, ngoma moja ipige polepole. Hamna kinanda na hamna hasara yoyote, kwaya kubwa za mjini zingejifunza hapo.

Saa 11 jioni
Mazoezi. Nusu saa ya kwanza imeisha kwenye sare za sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba, msimamizi wa kwaya yetu, kitenge kiwe cha bluu au cha kijani (sare zinajadiliwa kuliko nota, sijui kwenu). Tukaanza wimbo wa mwanzo, kijana wa kinanda akaweka biti ya kuruka. Nikamsimamisha. Maelekezo ya Misale namba 313 yanasema Majilio vyombo vipigwe kwa kiasi, visitangulize furaha kamili ya Noeli. Mama mwenyekiti akasema, "Mwalimu, waamini wanazipenda nyimbo za Noeli, madukani zimeshaanza kupigwa." Nikamwambia Mama, mpaka tarehe 16 Desemba tunamngoja Kristo ajaye mara ya pili, tarehe 17 mpaka 24 ndo tunageukia kuzaliwa, na Noeli yenyewe inaenda mpaka Ubatizo wa Bwana mwezi wa kwanza. Mkiziimba mwezi mzima kabla, ikifika tarehe 27 mmezichoka na mmesafiri, kipindi ndo kwanza kimeanza. Akaguna. Besi wakaunga mkono ila nadhani ni kwa vile nyimbo zangu ni nyepesi kwao.

Saa 3 usiku
Orodha nimempigia picha nikamtumia Fadha. Amejibu haraka, yote sawa, isipokuwa wimbo wa matoleo Dominika ya pili, beti sita, anasema atasimama altareni mpaka asahau anaadhimisha nini. Nimekata zibaki mbili. Alto watanuna, solo yao ilikuwa beti la tano.