Siku moja maishani mwangu: fimbo ikawa simba

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua chumba cha nyuma ninamopimia masikio na kumbukumbu, hapa Kadutu, Bukavu. Kwanza nafunga dirisha la barabarani, maana honi za pikipiki zinaanza mapema, kisha natia betri mpya kwenye kikuza sauti: kidude cha mfukoni chenye maikrofoni na vipokea sauti vya kuvaa kichwani. Ninacho kimoja tu.

Saa 2. Mama mmoja, ameletwa na binti yake. "Amesahau kila kitu." Namulika masikio: nta imeziba yote mawili. Natoa matone, warudi wiki ijayo. Kumbukumbu sikupima. Binti amenuna, wametoka mbali.

Saa 4. Mzee aliyesaga unga kwa mashine ya dizeli zaidi ya miaka 30. Mwanawe ananipa karatasi ya MoCA, kipimo cha kumbukumbu na akili, kutoka kwingine: 17 kati ya 30. Kwa kawaida, chini ya 26 ndipo wanapoanza kushuku kwamba akili inafifia.

"Walimuuliza vipi?"

"Muuguzi alivaa barakoa, mimi nikatafsiri kutoka Kifaransa."

Kelele za mashine hula kwanza sauti nyembamba: s, f, sh, t. Namjaribu kwa maneno yangu matano, ya kipimo siyagusi yasije yakazoeleka. Nasema "fimbo", ananirudishia "simba". "Shati" inakuwa "kati". Sasa atakumbukaje fimbo ambayo hakupewa?

Namvisha kikuza sauti, nakaa mbele yake taa ikinimulika usoni, nasema polepole bila kupiga kelele. Anarudia yote matano. Baada ya dakika tano anayo manne. "Moja limekwenda sokoni," anasema.

Halafu naiona saa aliyochora kule. Kipimo kinataka 11:10. Mshale mfupi ameuelekeza kwenye 5, wakamkata alama. Namuuliza mwana alitafsirije. "Saa kumi na moja na dakika kumi." Basi mzee alichora sawasawa alichoambiwa! Hapo masikio hayana kosa.

Nilikaribia kufurahi. Ila mkewe, aliyekuwa kimya muda wote, akasema mwezi uliopita mzee alipotea akirudi kutoka soko la Kadutu, njia ya maisha yake yote. Hilo halitokani na masikio.

Saa 6. Naandika barua kwa daktari: ile 17 isihesabiwe, apimwe upya kwa Kiswahili akiwa na kikuza sauti, na habari ya kupotea njia ichunguzwe. Tangu 2023 kuna MoCA ya maandishi kwa wasiosikia vizuri, lakini ilithibitishwa kwa Kiingereza. Siwezi kutafsiri mwenyewe kadi zake kisha nikatumia mpaka wake wa alama.

Mvua imewazuia. Mzee bado amevaa kidude changu, hataki kukivua.

"Baba, kuna mgonjwa mwingine anangoja."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Huyu mama amenisema miaka mingi, leo nataka nisikie anasema nini."

Mkewe akanyamaza kabisa.

Saa 10. Nachomoa betri.