Bakuli la Khokhloma: unga wa alumini umeshika, mara ya nne

Hatimaye! Bakuli la nne la Khokhloma (ufundi wa Kirusi wa kupamba vyombo vya mbao hadi vionekane vya dhahabu) linang'aa kama fedha ndani na nje, bila baka hata moja. Matatu ya mwanzo yote yaliharibikia hatua ile ile, unga wa alumini juu ya mafuta ya kitani.

Udongo wa kuzibia vinyweleo vya mbao, ambao Warusi huuita vapa, haukusumbua: saa 8 za kukauka, msasa, basi. Mafuta (yaliyochemshwa, mabichi hayakauki leo wala kesho) yalisuguliwa kwa donge la ngozi ya kondoo, tabaka 4 kwa siku moja.

Kasheshe ni tabaka la mwisho. Wanasema likauke hadi linate kidogo kwenye kidole bila kukichafua. Bakuli la kwanza lilikuwa bichi: unga ukazama, ukawa kijivu kama risasi. La pili lilikauka kupita kiasi, unga ukafutika wote kwa kitambaa. La tatu likashika nje, ndani likagoma, na hapo ndipo kosa lilipoonekana. Ndani hewa haizunguki, halafu mafuta huteremka na kutuama kitakoni, kwa hiyo kitako kinakuwa bado kibichi wakati ukingo umeshapitiliza. Kutazama saa hakusaidii kitu, maana bakuli moja lina nyakati mbili.

Kilichofanya kazi: tabaka la nne liwe jembamba kuliko yote, lisuguliwe mpaka lisionekane kulowa. Ndani ipakwe kwanza, nje nusu saa baadaye. Bakuli lilazwe ubavu, ligeuzwe kila robo saa. Kidole kijaribiwe kitakoni, si ukingoni. Kikivutwa kidogo na kutoka safi, unga upakwe papo hapo kwa donge jingine, kavu kabisa.

Unga wenyewe uwe laini kama poda. Ule wa chembe za kumeremeta huacha vinukta ambavyo vanishi haivifichi. Pamba isitumike, inaacha nyuzi. Barakoa ni lazima, na moto ukae mbali. (Zamani mafundi walitumia bati, na kabla yake fedha halisi. Alumini ni rahisi na haina ubaya wowote, wanaoidharau waendelee tu.)

Mpango ulikuwa kuchora "travka" kwenye bakuli la nne, yale majani membamba yanayochorwa kwa mpigo mmoja wa brashi ya nywele za kindi, nyekundu na nyeusi, kwa sababu rangi hizo huvumilia tanuri. Kisha vijiko sita. Vijiko vimewekwa kando, kwani bakuli la tatu limeleta wazo: kwa mtindo wa "pod fon", maua huachwa yakiwa fedha na uwanja wote unaobaki hujazwa rangi. Mabaka yale ya ndani yanaweza kuzikwa chini ya nyeusi! Maua matatu yamepangwa pale unga uliposhika, shina likapindishwa kukwepa kitako.

Bado vanishi, tabaka 4 au 5, kila moja ikauke kwanza, kisha tanuri saa 3 hadi 4 kwa nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi. Joto huipa vanishi rangi ya asali, na fedha iliyo chini yake huonekana dhahabu. Vanishi ikituama kitakoni kama mafuta yalivyofanya, patakuwa na duara la kahawia, kwa hiyo kugeuza kila robo saa kunaendelea.